Usingoje Soya Ikauke: Mwongozo wa Kuchuma, Kuchemsha na Kutafuna Soya ya Kijani

Kwa wengi wetu huku wilayani Rubavu, Rwanda, soya ni unga. Tunaijua katika uji wa sosoma, ikiwa imesagwa pamoja na mtama na mahindi. Akina mama wanaijua katika pakiti za Shisha Kibondo zinazotolewa kwenye vituo vya afya. Wanaopita kwenye vibanda vya mishikaki mjini Gisenyi wanaijua ikiwa tofu, imechomwa na kupakwa pilipili. Katika sura zote hizo soya imeshakauka, imepigwapigwa, imepepetwa na kupita kwenye mashine. Ni wachache wanaoichuma ikiwa ingali kijani na kuila siku hiyohiyo, ingawa ndivyo tunavyofanya na mahindi na maharage kila msimu.

Mwongozo huu ni wa soya hiyo ya kijani, iliyochemshwa ndani ya ganda lake, ikatiwa chumvi na kutafunwa mkononi jioni watu wakizungumza. Ushike jambo moja tangu mwanzo: ugumu wake hauko jikoni, uko shambani, katika kujua siku ya kuchuma. Ukiipata siku hiyo, maji na chumvi vinatosha. Ukiikosa, hakuna kiungo kitakachokuokoa.

Kwa nini uisumbukie

Busasamana, sekta ya Rubavu inayopakana na Kongo, haina uhaba wa wanga. Udongo wa volkano unatoa viazi na mahindi, na ni nadra sufuria kukosa kiazi. Kinachopungua sahanini ni protini. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2019–2020 ulikuta kwamba asilimia 33 ya watoto wa Rwanda walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Katika mikoa ya Kaskazini na Magharibi, kunakotoka viazi vingi vya nchi, kiwango kilikuwa kama asilimia 40. Kudumaa kuna sababu nyingi, yakiwemo maji machafu na magonjwa ya utotoni, lakini sahani ya viazi vitupu nayo imo katika hesabu.

Gramu 100 za punje za soya ya kijani zilizochemshwa zina protini gramu 12 hivi, mafuta gramu 6, nyuzinyuzi gramu 4 na nishati ya kilokalori 140. Viazi vya kuchemsha vya uzito huohuo vina protini gramu 2 tu. Protini ya soya ina amino asidi zote ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, sifa ambayo mazao machache ya shambani yanayo. Punje hizo zina pia madini ya chuma, kalisi na magnesi, pamoja na foleti ambayo mama mjamzito anaihitaji. Zina hata vitamini C kidogo, ambayo hupungua sana punje zikikauka.

Wachina na Wajapani wameila soya kwa namna hii kwa karne nyingi. Mtawa Nichiren wa Japani aliandika barua mwaka 1275 kumshukuru muumini aliyemletea zawadi ya soya za kijani. Leo Wajapani huzitafuna hasa wakati wa kiangazi, bia ikiwa pembeni. Kwa mji kama Gisenyi, wenye kiwanda cha bia cha Bralirwa tangu 1957, desturi hiyo haihitaji maelezo marefu.

Usiitarajie iwe dawa. Haitibu utapiamlo wa mtoto mgonjwa. Huyo apelekwe kituo cha afya. Ni kitafunio kizuri kinachoweza kuchukua nafasi ya mandazi au biskuti saa kumi jioni, na ndipo faida yake ilipo.

Kupanda kwenye mwinuko

Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na Busasamana iko mita mamia kadhaa juu ya hapo. Soya hupenda joto la wastani, ndiyo maana nchini Rwanda inalimwa zaidi upande wa Mashariki na Kusini. Huku juu baridi huichelewesha. Anayeipanda kwa ajili ya nafaka hulazimika kuisubiri muda mrefu, na wiki za mwisho, ambapo mmea unatakiwa kukauka wima, zinaweza kuangukia kwenye mvua na ukungu. Punje huoza au kuota ndani ya ganda.

Anayechuma kijani anaukwepa mtihani huo. Kutoka siku ya kuchuma kijani hadi siku ya kuvuna kavu huwa ni wiki tatu, nne au zaidi kukiwa na baridi. Wiki hizo zote unaziokoa, na shamba linakuwa huru mapema kwa zao jingine.

Huhitaji eneo kubwa. Kipande cha bustani ya jikoni kinatosha. Panda mwanzoni mwa mvua, yaani Septemba kwa msimu A, au mwishoni mwa Februari na Machi kwa msimu B. Acha sentimita 40 kati ya mstari na mstari, na sentimita 10 kati ya mmea na mmea. Fukia mbegu sentimita tatu hivi. Mstari wa mita 10 utakuwa na mimea kama 100, na msimu ukiwa mzuri unaweza kukupa kilo mbili au tatu za maganda mabichi.

Usipande mistari yote siku moja. Maganda ya mbegu zilizopandwa pamoja hukomaa pamoja, nayo hayasubiri. Panda mstari mmoja leo, wa pili baada ya wiki mbili, wa tatu baada ya wiki mbili nyingine. Hivyo utapata kitafunio kwa mwezi mzima badala ya rundo la siku tatu.

Kuhusu mbegu, soya ya kawaida inayolimwa kwa nafaka inafaa. Punje zake ni ndogo, ladha yake iko karibu na maharage, na inahitaji kukaa motoni zaidi kidogo. Aina zilizochaguliwa mahsusi kuliwa kijani huwa na punje kubwa na utamu zaidi. Kituo cha World Vegetable Center, chenye makao makuu Taiwan na ofisi Arusha, kimeshughulika na aina hizo kwa miaka mingi. Muulize afisa kilimo wa sekta ni mbegu ipi ya RAB, bodi ya kilimo ya Rwanda, inayokomaa mapema kwenye mwinuko wenu, kwa kuwa huku juu kukomaa mapema kuna faida kuliko mavuno makubwa ya kwenye karatasi. Na mbegu iliyopakwa dawa, ambayo kwa kawaida huonekana kwa rangi nyekundu, bluu au kijani kikali, ni ya kupandwa tu. Haichemshwi wala haitwangwi, hata ikibaki kiganjani.

Kama soya haijawahi kulimwa katika kipande hicho, mbegu zichanganywe kwanza na bakteria wanaotengeneza vinundu mizizini. Bakteria hao huchukua naitrojeni hewani na kuilisha mimea. Bila wao mmea hupauka na maganda huwa machache. Waulizie bakteria hao palepale unapoulizia mbegu, na uwachanganye kivulini, maana jua linawaua.

Jihadhari na jirani mwenye bomba

Hili ni la Busasamana hasa. Viazi huku hupuliziwa dawa ya ukungu mara kwa mara, na msimu wa mvua nyingi karibu kila wiki. Upepo ukivuma, dawa hiyo inatua kwenye kila kilicho karibu. Kwa maharage makavu athari hupungua, kwa sababu ganda hutupwa kabla ya kupika. Soya ya kijani hupikwa na ganda lake, kisha mlaji hulitia mdomoni na kulinyonya chumvi.

Kwa hiyo panda soya ya kula kijani mbali na viazi, karibu na nyumba, ikiwezekana nyuma ya ua au mstari wa mahindi unaozuia upepo. Wewe mwenyewe ukilazimika kupulizia soya dhidi ya wadudu, soma kwenye chupa ni siku ngapi lazima zipite kabla ya kuvuna, na uziheshimu. Mwenye duka akikuuzia dawa iliyopimwa kwenye chupa isiyo na karatasi ya maelezo, usiitumie kwenye mmea huu.

Siku ya kuchuma

Ngojangoja huumiza matumbo, walisema wahenga, na kwa soya ya kijani maneno hayo ni kanuni ya shambani. Muda wa kuchuma ni siku tano hadi saba, huku kwenye baridi pengine kumi. Kabla ya hapo ganda ni bapa na punje ni maji matupu. Baada ya hapo sukari inageuka wanga, punje inakuwa ngumu na ladha ya unga inaingia.

Anza kukagua ganda likianza kuvimba, kisha rudi kila baada ya siku mbili. Ishara za kutafuta ni hizi:

Ganda ni kijani kibichi kote, halina hata doa la manjano. Ukiliinua kwenye mwanga wa jua, unaona punje zimelijaza kwa sehemu nane au tisa kati ya kumi, na zinakaribia kugusana. Ukilibinya ubavuni, punje inateleza na kutoka bila kupondeka. Ukiipasua punje yenyewe, ndani ni kijani na imeshikamana. Majani ya juu ya mmea bado ni kijani, ingawa machache ya chini yanaweza kuwa yameanza kupauka.

Maganda ya katikati ya shina na ya juu hayakomai kwa wakati mmoja. Usiyasubiri yote. Karibu maganda manane kati ya kumi yakiwa tayari, vuna mmea mzima. Yaliyo bapa mpe mbuzi.

Chuma alfajiri au jioni, jua likiwa limepoa. Usiung'oe mmea. Kata shina karibu na udongo kwa kisu au mundu, ili mizizi na vinundu vyake vibaki ardhini na kurutubisha viazi vitakavyofuata. Beba mashina yenye maganda hadi nyumbani, kisha kaa kivulini uyachambue. Majani yanayobaki ni kijani na laini, chakula kizuri cha ng'ombe au mbuzi. Anayevuna soya kavu hapati faida hiyo, kwani majani yake huwa yameshadondoka.

Ukiinunua sokoni

Asiye na shamba anaweza kuagiza. Soya ya kijani haipangwi sokoni kila siku kama karoti, basi zungumza mapema na muuzaji unayemwamini, Gisenyi au Mahoko, akuletee kutoka kwa mkulima anayemfahamu. Mwambie waziwazi: "Mama, nataka soya ikiwa na ganda lake la kijani, iliyochumwa leo asubuhi." Ukisema soya tu, utaletewa punje kavu.

Omba iletwe ingali kwenye mashina, kwa sababu maganda yaliyoshika shina hukawia kunyauka. Kataa yaliyoanza kuwa manjano, yenye madoa meusi, yenye utelezi au yanayonukia uchachu. Angalia pia kama rundo lina joto katikati. Ukiingiza mkono ukahisi uvuguvugu, limefungiwa muda mrefu na limeanza kuharibika. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, na kwa soya hilo ni jema: kikapu kinapitisha hewa.

Unaponunua, kumbuka kwamba karibu nusu ya uzito ni maganda yasiyoliwa. Kilo moja itakupa nusu kilo ya punje au pungufu kidogo. Kwa mtu mmoja, gramu 150 za maganda zinatosha. Humo atapata punje kama gramu 75 na protini gramu 9 hivi.

Kuchemsha, hatua kwa hatua

Pika siku ileile ya kuchuma. Utamu wa soya hupungua kila saa inayopita, na kesho jioni utakuwa unakula kitu kingine.

1. Chambua maganda kutoka kwenye mashina. Yaoshe kwa maji safi mara mbili au tatu, hadi maji yatoke bila vumbi.

2. Kata ncha mbili za kila ganda kwa kisu au mkasi. Ni kazi ya kuchosha na unaweza kuiruka, lakini inaruhusu chumvi kuingia hadi kwenye punje. Wape watoto wakubwa kazi hiyo.

3. Weka maganda kwenye beseni, nyunyizia kijiko kimoja kikubwa cha chumvi kwa kila nusu kilo, na uyasugue kwa viganja kwa dakika moja. Ganda la soya lina manyoya mafupi. Chumvi inayaondoa na kulifanya lisikwaruze midomo.

4. Bandika maji lita mbili kwa nusu kilo ya maganda. Tia vijiko viwili vya chumvi. Funika hadi yachemke kwa nguvu.

5. Mimina maganda pamoja na chumvi uliyosugulia. Maji yakirudi kuchemka, acha sufuria wazi na anza kuhesabu dakika. Mfuniko ukirudishwa, rangi ya kijani inafifia.

6. Chemsha dakika 12 hadi 15, kisha onja punje moja. Iwe laini lakini ikatike chini ya jino, bila ladha ya majani mabichi.

7. Chuja na uyatandaze kwenye sinia au ungo. Pepea yapoe upesi. Usiyamwagie maji baridi: yatanyonya maji na kupoteza ladha, na maji ambayo hayajachemshwa yanaweza kurudisha vijidudu ulivyokwisha kuua.

Maelekezo mengi ya kigeni husema dakika tano. Yasifuate huku. Hayo yameandikiwa watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, na aina laini za soya. Maji ya pwani huchemka kwenye nyuzi 100. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, hata ukiongeza kuni vipi. Ongeza kuwa soya yetu ni ya nafaka, nawe utaona kwa nini dakika zinakaribia kuwa mara tatu. Anayepikia Gisenyi, kando ya ziwa, anaweza kuanza kuonja mapema kidogo.

Suala la dakika linahusu afya pia. Soya ambayo haijapikwa ina vizuizi vinavyokwamisha kimeng'enya cha tumbo kinachovunja protini. Mtu akitafuna punje mbichi shambani hupata tumbo kujaa gesi, kichefuchefu au kuhara, na protini aliyoitafuta haimfaidii. Moto ndio unaoviharibu. Wakataze watoto kuila moja kwa moja kutoka kwenye mmea, kama wanavyofanya na njegere. Usiongeze magadi ili kuhifadhi rangi au kulainisha haraka; yanaharibu vitamini na kuacha utelezi.

Maji yakiwa haba

Ardhi ya volkano hunywa mvua haraka, na vijito ni vichache, basi lita mbili za maji kwa kitafunio zinaweza kuonekana anasa. Tumia mvuke. Weka kikombe kimoja na nusu cha maji kwenye sufuria nzito, tandaza maganda yaliyosuguliwa na chumvi, funika kwa mfuniko unaobana, na uache kwenye moto wa wastani dakika 15 hadi 18. Tikisa mara mbili na hakikisha maji hayajakauka. Rangi itafifia kidogo, lakini ladha hubaki yote na kuni zinazotumika ni chache.

Ukitumia njia ya maji mengi, maji ya kuchemshia usiyamwage. Yanafaa kuchemshia viazi mara moja baada ya hapo, bila kuongeza chumvi nyingine.

Namna ya kula

Nawa mikono. Shika ganda kwa vidole, lipeleke mdomoni, libane kwa meno au midomo ukilivuta taratibu. Punje zinaruka ndani, chumvi inabaki ulimini. Ganda lenyewe halina sumu, ila ni gumu na la nyuzi, kwa hiyo weka bakuli tupu la kutupia katikati ya meza. Baadaye maganda hayo yaende kwa mbuzi au kwenye shimo la mboji.

Kula hivi kunamfanya mtu ale polepole, kwa sababu kila punje inadai kazi kidogo ya mkono. Tumbo hupata nafasi ya kutambua kwamba limeshiba kabla bakuli halijaisha, jambo ambalo karanga zilizomenywa hazikupi.

Chumvi iwe na kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo. Vijiko vilivyotajwa hapo juu ni vingi kwa macho, lakini sehemu kubwa hubaki kwenye maji na juu ya ganda. Mwenye shinikizo la damu aruke chumvi ya hatua ya nne, atosheke na ile ya kusugulia, na asilinyonye ganda.

Ukichoka na chumvi peke yake

*Ya kikaango.* Chukua maganda yaliyokwisha kuchemshwa na kukauka. Pasha kikaango, tia kijiko cha mafuta, vitunguu saumu vilivyopondwa na maganda yenyewe. Geuza kwa dakika tatu hadi yaungue madoa madoa. Epua, kamulia ndimu na udondoshee tone moja au mawili ya mafuta ya pilipili ya Akabanga. Anayependa makaa anaweza kuyaweka juu ya wavu badala ya kikaango, ila yawe yamechemshwa kwanza. Kuchoma peke yake huunguza ganda na kuacha punje mbichi.

*Na viazi.* Menya punje za soya zilizochemshwa. Kaanga kitunguu na nyanya, ongeza viazi vilivyochemshwa na kukatwa vipande, kisha punje na majani ya dania au seleri. Kwa kila bakuli mbili za viazi, weka moja ya soya. Hiki ni chakula kamili cha mchana.

*Na sambaza.* Dagaa hawa wa Kivu, walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, huliwa wakiwa wamekaangwa wakakauka. Wachanganye na punje za soya, kitunguu kibichi na ndimu. Kalisi ya samaki anayeliwa na mifupa yake inakutana na protini ya soya, na mezani vinapendana.

*Ya kupondwa.* Ponda punje laini pamoja na parachichi na chumvi kidogo. Pakaza kwenye mkate au kiazi kitamu. Kwa mtoto wa zaidi ya miezi sita aliyeanza kula, toa ngozi nyembamba ya punje, ponda kabisa, usitie chumvi.

Wanaopaswa kuwa waangalifu

Mtoto mdogo asipewe punje nzima. Ni duara, zinateleza, na zinaweza kumkaba. Hadi afikishe miaka minne au mitano, mpondee.

Soya ni miongoni mwa vyakula vinavyosababisha mzio. Anayeila mara ya kwanza aanze na punje chache. Akivimba midomo, akiwashwa au akipumua kwa shida, awahishwe hospitali. Anayemeza vidonge vya homoni ya tezi ya shingo aache saa kadhaa kati ya dawa na soya, kwa sababu soya inaweza kuzuia dawa isifyonzwe vizuri. Mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza, kwani potasiamu iliyomo si haba. Kwa wengine wote, tatizo la kawaida ni gesi tumboni siku za mwanzo. Anza na kiganja kimoja, ongeza pole pole.

Kuhifadhi na kuuza

Maganda mabichi yaliyo kwenye mashina yanaweza kulala usiku mmoja mahali pa baridi, mashina yakiwa yamesimamishwa kwenye ndoo yenye maji kidogo. Zaidi ya hapo yanaanza kuwa manjano. Yaliyochemshwa yaliwe ndani ya saa mbili, au yahifadhiwe kwenye friji siku mbili au tatu. Mwenye friza ayachemshe dakika tano tu, ayapoze, ayakaushe maji kabisa na kuyagandisha; siku ya kula atamalizia kuyachemsha. Usijaribu kuyaanika yakauke. Soya iliyochumwa kijani husinyaa na kuvunda, haigeuki kuwa nafaka.

Anayefikiria kuuza aanze na bakuli moja jioni, karibu na wanakonunua mahindi ya kuchoma. Mpe mteja ganda moja bure na umwonyeshe namna ya kulibana, kwa sababu asiyeijua atalitafuna na ganda lake, na hatarudi tena. Funika bakuli kwa kitambaa safi, tumia kijiko kupima, na kilichobaki usiku kisiuzwe kesho.

Mstari wa mwisho

Kabla hujakata mmea wa mwisho, chagua mimea kumi iliyokomaa mapema kuliko mingine na yenye maganda ya punje tatu. Ifunge uzi ili mtu asiichume, na uiache ikauke. Mvua ikitishia, ikate maganda yakishageuka kahawia, uininginize chini ya paa mahali penye hewa. Punje zake ndizo mbegu yako ya msimu ujao. Zipande ndani ya mwaka huohuo, kwa sababu mbegu ya soya hupoteza nguvu ya kuota upesi kuliko ya maharage. Ukirudia uchaguzi huo msimu hadi msimu, utakuwa na soya iliyozoea baridi ya Busasamana, nawe hutahitaji tena kubahatisha siku ya kuchuma.